Tiba ya wasiwasi kwa video: mtoto mwenye usonji si lazima akae kwenye kiti

Mhariri,

Mtoto mwenye usonji anapoanza tiba ya wasiwasi kwa njia ya video, lalamiko la kwanza la mzazi huwa kwamba hakai mbele ya simu. Si lazima akae. Azime kamera akitaka, atembee, ajibu kwa kuandika au kuonyesha kadi. Kipindi cha dakika 30 hadi 45 kinatosha, mradi ratiba ya picha imwonyeshe kinachofuata na mwisho ni lini.

Kazi kubwa iko kati ya vipindi, na mwenye kuifanya ni mzazi. Hofu moja huvunjwa kuwa ngazi. Kwa anayeogopa mbwa: picha, video bila sauti, video yenye sauti, kisha mbwa aliyefungwa, kwa mbali. Ngazi hurudiwa siku baada ya siku hadi hofu ipungue walau nusu, ndipo apande. Wengi hawawezi kusema hofu yao ni "7 kati ya 10". Ipimeni kwa anachokipenda, iwe mwendo wa treni au asilimia za chaji.

Kosa linaloharibu zaidi ni kumtoa mtoto kwenye zoezi wakati hofu yake imefika kileleni. Anajifunza kuwa kukimbia ndiko kulikomwokoa. Kumshikilia kwa nguvu nako ni kosa. Rudini ngazi moja chini, mmalize hapo akiwa ametulia. Na tafadhali, mzazi asimjibie. Kimya cha sekunde 10 kwenye video huchosha watu wazima, lakini mtoto huenda bado anatafuta neno.

Kuna jambo ambalo hata wataalamu hulikosea. Anayeziba masikio blenda inapowashwa huenda haogopi, bali sauti inamuumiza. Huyo apewe vizuia sauti. Kumzoesha kwa lazima ni kumtesa. Akihangaika blenda ikiwa bado kabatini, basi hofu nayo ipo. Hapa video ina faida, kwa kuwa mtaalamu anaiona blenda yenyewe, jikoni kwao.

Kabla ya kipindi cha kwanza, mtaalamu awe na anwani ya mahali mtoto alipo na namba ya mtu mzima mwingine, na wakubaliane nani atampigia nani intaneti ikikatika katikati ya zoezi. Mtoto anayejiumiza akizidiwa aanze kwa kuonwa ana kwa ana.

Mtaalamu wa saikolojia ya watoto