Mhariri, kitimoto na waini nyeupe inakwenda, tena sana

Kaka mhariri salamu, na wasomaji wote salamu. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua maana ile makala yenu ya wikiendi kuhusu waini na chakula nimeisoma nikiwa kwenye daladala nikajikuta nabishana na gazeti kwa sauti mpaka abiria wa pembeni akahama siti. Mwandishi wenu kasema nyekundu ni ya nyama, nyeupe ni ya samaki, tamu ni ya akina mama, kafunga kazi. Halafu picha iliyowekwa ni ya mzungu na jibini. Jamani.

Mimi nimekulia Hombolo, Dodoma, mzee alikuwa na eka mbili za zabibu na sisi watoto ndio tulikuwa tunafukuza ndege. Baadaye nimepika hotelini Dar na Zanzibar, kisha miaka saba nikawa jikoni kwenye meli ya watalii, zile zinazolala bandari hii kesho bandari ile. Cheti cha waini sina. Ila nimekula na kunywa na watu wa kule waini inakotoka, sio wa hotelini, watu wa kawaida, na nilichokiona ni kwamba hakuna hata mmoja anayefuata hiyo sheria ya rangi. Wanakunywa kilichopo na chakula kilichopo, na kwa kuwa vyote viwili vimelelewa pamoja miaka mingi, vinaelewana.

Na hili sisi tunalijua siku zote, tunajisahaulisha tu ikija kwenye chupa yenye kizibo. Mtu wa Tanga humfundishi kwamba mnazi wa asubuhi ambao bado mtamu ni wa kunywa wenyewe, ila ule wa jioni uliokwisha kukolea ndio wa kukaa nao na sahani ya pweza. Mchaga na mbege yake na nyama hahitaji makala ya gazeti. Sasa kwa nini waini tu ndio tupewe amri?

Ngoja nianze na zabibu ya nyumbani maana ndiyo iliyonifanya niandike. Pale Dodoma tuna Makutupora nyekundu, tuna Syrah, na nyeupe tuna Chenin Blanc. Hii Chenin asili yake ni Ufaransa, bonde la mto Loire, na ikasafiri mpaka Afrika Kusini ambako leo ndiko imepandwa kwa wingi kuliko nchi yoyote duniani, Makaburu walikuwa wanaiita Steen miaka yote mpaka wataalamu walipokuja kugundua miaka ya 1960 kwamba kumbe ni Chenin ileile. Na sisi tunayo. Zabibu moja nchi tatu, na kila nchi ina chakula chake cha kuilia.

Kule Loire, upande wa mji wa Tours, wana nyama ya nguruwe inapikwa taratibu ndani ya mafuta yake mwenyewe masaa na masaa mpaka inachambuka kama nyuzi, wanapaka kwenye mkate. Mafuta matupu. Na wanashushia na Chenin ya hapohapo Vouvray, nyeupe, yenye uchachu unaokufinya mashavu. Cape nako, Afrika Kusini, nilishuka mara kadhaa, nikakaribishwa na mpishi mwenzangu nyumbani kwao, nyama choma yao wanaita braai, ila siku hiyo ilikuwa samaki anaitwa snoek, mrefu ana mafuta, wanampaka jamu ya aprikoti huku yuko kwenye moto. Jamu! Kwenye samaki! Nilicheka mpaka nilipoonja. Na Chenin ya baridi pembeni, ina kautamu kidogo ka kuendana na ile jamu na uchachu wa kukata mafuta.

Sasa nyumbani. Mwaka juzi nilikwenda banda moja la kitimoto Dodoma na chupa ya Chenin ya kwetu kwenye mfuko wa rambo, nimeilaza kwenye barafu tangu asubuhi. Wenzangu wana bia zao, wananicheka, eti umekuja harusini? Ikaletwa kilo moja na nusu, imekaangwa inang'aa, ndizi za kukaanga, kachumbari imekamuliwa ndimu na pilipili mbuzi. Ukila vipande vitatu vya kitimoto unajua mwenyewe midomo inavyokuwa, inateleza, na ulimi unakuwa kama umevikwa nailoni. Fundo moja la ile Chenin, ulimi umeoshwa, unaanza upya kama hujala. Ni kazi ileile inayofanywa na ndimu. Chupa ile haikumaliza dakika kumi na tano na mimi mwenye mali nilipata glasi moja na nusu, wale wa bia ndio walioimaliza.

Haya mwandishi wetu, nguruwe ni nyama au samaki?

Na sio nyeupe peke yake. Italia, mkoa wa Emilia, kule inakotoka ham ya Parma, kuna waini inaitwa Lambrusco. Ni nyekundu, ina gesi, na wanaiweka friji, nyekundu ya baridi yenye povu, wanakula na soseji na miguu ya nguruwe. Wareno nao wana samaki wao mkavu wa chumvi, bacalhau, na wengi tu wanamshushia na nyekundu bila kuomba ruhusa kwa mtu. Ila hao hao Wareno, nilikuwa Lisbon mwezi wa sita wakati wa sikukuu ya Mtakatifu Antonio, kila uchochoro wanachoma dagaa wakubwa wale, sadini, moshi kama uko soko la samaki la Feri, Dar, saa sita mchana, basi pale niliona wengine wanakunywa Vinho Verde, nyeupe nyepesi ya kaskazini mwa nchi yao yenye vijigesi kwa mbali, kileo kidogo. Sadini ana mafuta, waini ina uchachu. Unaona sasa? Kitimoto na sadini wanakutana hapo, rangi ya nyama haina habari.

Sio kwamba ile sheria ya nyekundu na samaki imetoka hewani, nimtendee haki. Waini nyekundu inaweza kuwa na madini ya chuma ya kutosha, na ikikutana na mafuta ya samaki unapata harufu ya shombo na ladha kama umelamba msumari. Imenitokea na vibua. Pia nyekundu nzito ina ukakasi, ule unaoupata ukila bibo, mdomo unakauka na meno unayahisi kama yana vumbi. Ukakasi unatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu na kazi yake ni kushikana na protini za mate yako. Ukiwa na kipande cha nyama yenye mafuta mdomoni unapata kitu kingine cha kushikana nacho, mate yako yanabaki salama, waini inalainika. Na chumvi inapunguza uchungu. Kwa hiyo mbuzi choma anayechovewa kwenye chumvi pembeni ya sahani, vile tunavyokula mnada wa Msalato hapa Dodoma, ndiye rafiki wa nyekundu kavu ya Makutupora, na sijui ni wangapi waliokwisha kujaribu maana pale Msalato kila mtu ana bia au soda. Waargentina kule Mendoza wanafanya hivyo hivyo na ng'ombe wao na Malbec, zabibu iliyopelekwa kutoka Ufaransa karne ya 19 ikapenda milima kuliko kwao. Afrika Kusini wana Pinotage, hiyo walizalisha wenyewe mwaka 1925, profesa Abraham Perold pale Stellenbosch kaichanganya Pinot Noir na Cinsaut, ina harufu ya moshi moshi, mimi naipenda na mishkaki iliyoungua kidogo pembeni. Watu wengine hawaipendi kabisa, wanasema inanuka tairi. Ndio ladha hiyo.

Nije kwenye hii ya tamu ni ya akina mama, ambayo ndiyo iliyoniudhi kuliko zote. Pilipili na kileo hawapatani, kileo kinaongeza moto. Kunywa nyekundu ya asilimia 14 na rosti ya kuku yenye pilipili kichaa uone, utatafuta maziwa. Kinachotuliza ni utamu kidogo, baridi na kileo kidogo. Wajerumani wana Riesling ya mto Mosel, kuna zinazokuja na asilimia 8 au 9 tu, zina sukari na uchachu kwa pamoja, na kwenye meli abiria wakila kari ya Kihindi tuliwapa hiyo wakarudi kuomba tena. Sasa Dodoma kuna nyeupe tamu zimejaa madukani, zinadharauliwa eti za wasiojua kunywa. Ichukue moja iwe baridi sana, kula nayo samaki wa kupaka mwenye nazi na pilipili ya kutosha, au kamba wa ukwaju. Halafu uje uniambie habari za akina mama. Wafaransa wenyewe pale Sauternes wanaziacha zabibu ziote kuvu kwa makusudi mpaka zisinyae sukari ijikusanye, inatoka waini tamu kama asali, na wanainywa na jibini la chumvi kali lenye michirizi ya bluu. Tamu na chumvi. Ni embe mbichi ya kwenye geti la shule na chumvi yake, sema imevaa suti.

Sasa lalamiko langu. Mwezi uliopita nilikuwa na wageni, nikawapeleka hoteli moja hapahapa Dodoma, hoteli nzuri tu, siitaji. Nikaomba waini ya Dodoma. Weita, binti mpole, akaniambia, "Baba, ya hapa hatuna, tuna ya Sauzi, ya Chile na ya Hispania." Kutoka pale mpaka mizabibu ya Hombolo ni kama kilomita 40. Mizabibu ambayo chanzo chake ni wamisionari waliotaka waini ya misa pale Bihawana miaka ya 1950, na leo mkulima anavuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Mfaransa haliwezi kwa sababu baridi ya kwao inalaza mzabibu usingizi, huku kwetu ni wewe unapogolea ndio unauambia mti anza upya. Na kuna misimu zabibu zinakosa mnunuzi zinaozea shambani, mzee wangu kalia nazo. Haya, nikakubali ya Hispania. Ikaletwa nyekundu kutoka kwenye shelfu iliyo juu ya mashine ya kahawa, chupa ya moto mkononi kama chai ya jana. Nikaomba barafu, binti akaniambia baba nyekundu hainywewi baridi, inanywewa kwa joto la chumba.

Chumba cha nani? Hiyo kauli imetoka kwenye nyumba za mawe za Ulaya za zamani, nyuzi 16 mpaka 18. Chumba changu mimi Dodoma mwezi wa kumi na moja ni 30. Waini nyekundu ikiwa ya moto kileo kinakupanda puani na utamu wake wote unalegea. Saa moja na nusu hivi kwenye friji kabla ya kufungua, inatosha. Simlaumu yule binti, kafundishwa hivyo, nawalaumu waliomfundisha.

Na sisi wa Dodoma tusijifanye hatuna makosa. Kuna wanaotia sukari mpaka unadhani ni sharubati, kuna wanaoanika chupa juani pale stendi kutwa nzima halafu msafiri anafika nayo Morogoro imeshaharibika ladha, na huyo harudi kununua tena milele. Meneja wa hoteli akikwepa chupa ya aina hiyo namuelewa. Lakini Chenin kavu nzuri ipo, Makutupora nzuri ipo, mtu wa manunuzi apande gari asubuhi mchana karudi. Aandike kwenye menyu, hii na kitimoto, hii na mbuzi, hii tamu na samaki wa kupaka. Mistari mitatu tu.

Ndugu zangu ambao dini haiwaruhusu na wale ambao hawanywi tu, nimewachosha, mtanisamehe, juisi ya zabibu nayo ipo na inakwenda na pilau vizuri.

Mhariri, mwandishi wenu mpeni namba yangu, akija Dodoma nitamwelekeza lile banda. Kitimoto nalipa mimi, kilo mbili. Yeye alete chupa, nyeupe, ya hapahapa, na tafadhali ipite kwenye friji kwanza.

Mpishi mstaafu,
Dodoma