Mtoto wa tumbili hukua, Mhariri

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu nikiwa mwanafunzi wa unesi na sijawahi kukuandikia. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Ni ile picha ya Jumapili iliyopita, ya binti wa darasa la pili hivi, amekumbatia mtoto wa tumbili aliyevalishwa pampasi. Habari ikaeleza familia ilivyomnunua kwa vijana wa barabarani, anavyonyonya chupa, anavyolala kitanda kimoja na watoto. Mwandishi wako akamsifu baba mwenye nyumba kwa moyo wake wa kupenda wanyama. Hakuuliza mama wa huyo tumbili yuko wapi.

Amekufa. Mtoto wa tumbili mwenye uso wa pinki na manyoya bado meusi ni wa wiki chache tu. Anashinda amemng'ang'ania mama yake tumboni, na mama hamwachii mtu. Huku kwetu Muheza mama anauawa kwenye mahindi, mtoto anabanduliwa kifuani pake, jioni yuko kando ya lami anauzwa.

Jirani zangu walimnunua mmoja. Wakamwita Kiduchu, kwa vile alikuwa anaenea kwenye bakuli la uji. Mwaka wa kwanza mtaa mzima ulijaa pale kwao na simu, nami nilipeleka ndizi mbivu. Mwaka wa pili akajua kufunua masufuria na kuiba mayai. Alipofika miaka mitano chonge zilishatoka. Porini, dume wa umri huo huliaga kundi la mama yake akatafute kundi lingine. Yeye alikuwa hana pa kwenda. Akamng'ata kitinda mimba wa nyumba kiganjani. Nilimwosha mwenyewe kwa sabuni na maji ya kutiririka robo saa nzima, ndipo tukamkimbiza hospitali. Toka siku hiyo Kiduchu alifungwa kwenye mwembe nyuma ya choo, na hakuna aliyempiga picha tena.

Waliposafiri kwenda msibani Korogwe waliniachia kazi ya kumpa maji. Niliona kamba ya katani inatoka kwenye mti, inafika kiunoni kwake, halafu inapotea. Nikadhani manyoya yameifunika. Nikasogea. Kamba ilikuwa imezama ndani ya mwili, nyama imeota juu yake kama gome la mti linavyomeza msumari, na pembeni usaha unachuruzika na nzi wamejaa. Ni kamba ileile waliyomfunga kiunoni tangu alipokuwa mdogo. Mnyama alikua, kamba haikukua, na katika watu sita wa nyumba ile hakuna aliyewahi kutia kidole kuona kama imebana. Nimefunga vidonda miaka 31, vya mapanga, vya moto, vya ajali za mabasi, na siku ile mikono ilinitetemeka. Bwana mifugo alimshika na gunia, mimi nikaikata kamba kwa mkasi, kipande baada ya kipande. Hakupiga hata kelele. Alikuwa ameshika kidole changu cha mwisho, ameking'ang'ania hivi, kama mtoto. Akafa siku ya nne. Mama mwenye nyumba aliporudi akaniambia, "Lakini Nesi, alikuwa mzuri huyu alipokuwa mdogo." Mhariri, nani asiyekuwa mzuri alipokuwa mdogo? Hata mtoto wa fisi anapendeza!

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema wanyamapori ni mali ya umma. Mwaka 2016 walipokamatwa tumbili 61 Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, wakipelekwa Albania, nchi nzima ilighadhibika, na Serikali ikapiga marufuku kusafirisha wanyama hai nje. Sasa huyu mmoja wa kwenye pampasi ana tofauti gani na wale?

Na hawa watoto wa mbwa, maana ugonjwa ni huohuo. Kila Desemba wananunuliwa barabarani kuwafurahisha watoto wakati wa likizo. Kufika Juni mbwa ameshakuwa mkubwa, anakula, ananuka, anabweka usiku. Anapakiwa kwenye gari na kutupwa sokoni. Chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo angeipata akiwa na miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka, hakuipata hata moja. Ugonjwa huo dalili zikishatokea hauna tiba. Nimemwona mtoto anaogopa kikombe cha maji, na sitaki kumwona mwingine.

Ombi langu ni hili. Ukichapa picha ya mnyama mchanga, weka kando yake picha ya mwenzake wa miaka sita, ukubwa uleule, amefunua mdomo, chonge zionekane. Na anayetaka mtoto wa mbwa kwanza amlishe mbwa mzee wa jirani yake siku 40, asubuhi na jioni, na mavi azoe mwenyewe. Akizimaliza, apewe.

Kamba ya Kiduchu ninayo, nimeihifadhi kwenye kopo la maziwa. Vipande ni vitano, na bado vina manyoya. Mkikubali kuichapa ukurasa uleule mliochapa ile picha, nitapanda basi niilete mwenyewe.

Nesi mstaafu,
Muheza, Tanga