Krimu ilificha choa, haikukitibu

Mhariri,

Makala yenu kuhusu viambato vya vipodozi niliisoma hadi mwisho, na sehemu ya gliserini na niasinamidi imenifaa. Nina ugomvi na sentensi moja tu: kwamba krimu nzuri utaijua kwa matokeo ya haraka.

Mimi nilitokwa na choa shingoni, duara la ukubwa wa kifungo cha shati, kingo zimeinuka, katikati pasafi. Rafiki akanipa krimu yake, "hii inamaliza kila kitu." Siku ya tatu muwasho kwisha, wekundu kwisha. Nikaisifia kwa kila niliyekutana naye, nikaendelea kupaka miezi miwili. Nilipoacha, upele ulirudi umetapakaa hadi mgongoni, duara halionekani tena, na wa kwanza kunitazama alisema ni ukurutu. Daktari wa ngozi ndiye aliyekwangua magamba kidogo, akayaangalia kwenye hadubini, akaona fangasi. Kisha akaniomba boksi la krimu.

Lilikuwa limeandikwa klobetasoli, asilimia 0.05. Namba ile nilikuwa nimeiona tangu mwanzo nikaidharau. Sifuri nukta sifuri tano, itanifanya nini? Kumbe haidrokotisoni ya asilimia 1 ni steroidi hafifu, na klobetasoli kwa hiyo 0.05 yake ni miongoni mwa kali kuliko zote za kupaka. Kwa kawaida haipakwi zaidi ya wiki 2 mfululizo. Asilimia haikuambii ukali unapolinganisha dawa mbili tofauti.

Steroidi hutuliza kinga ya mwili pale ilipopakwa. Kwenye ukurutu, ambako kinga yenyewe ndiyo inayozua vurugu, huo ni msaada mkubwa, na mwenye ukurutu asitupe dawa aliyoandikiwa kwa sababu yangu. Kwenye choa ni kumziba mlinzi mdomo na mwizi yumo ndani. Wekundu unapotea, fangasi wanazidi kuenea.

Majina nayo yanachanganya. Klobetasoli na klotrimazoli ukizisikia dukani utadhani ni ndugu, ilhali ya pili ni dawa ya fangasi. Tena zipo tyubu zinazochanganya steroidi, dawa ya fangasi na antibiotiki pamoja, na nadhani ndiko ule msemo wa "inamaliza kila kitu" ulikotoka.

Kwa hiyo naomba sentensi ile mwirekebishe. Hata dawa za chunusi zilizo halali, kama adapalini, huchukua wiki 8 hadi 12 kuonyesha kazi yake, na msomaji wenu atazitupa wiki ya kwanza akitafuta ile ya siku tatu.

Choa changu kilipona kwa dawa ya fangasi. Shingoni ngozi imebaki nyembamba. Nikinyoa ndevu naviona vimishipa vyekundu ambavyo zamani havikuwepo.

Msomaji wenu