Salamu za Krismasi 2024 kutoka Huku Juu Keiyo

Chamgei, ndugu zangu. Heri ya Krismasi kwenu mlioko nyumbani, mlioko Nairobi mkigombania viti vya matatu, na mlioko ng'ambo ambao mwaka huu tena mtaila sikukuu kwenye simu.

Baridi ya huku ni ile ile. Ukungu hauondoki msitu wa Kaptagat mpaka jua likaze, mahindi mengi yameshaingia ghalani, na mursik, maziwa yetu ya mgando, iko tayari kwenye vibuyu. Wakimbiaji bado wanapita alfajiri. Ukiwa jikoni na chai yako unaweza kuwahesabu kwa kishindo cha miguu tu, bila kuchungulia. Mwaka huu nimejikuta nawahesabu kweli, na sijui natafuta nini.

Desemba ulikuwa mwezi wa Kelvin Kiptum, mkimbiaji wetu wa marathoni. Alizaliwa tarehe 2 Desemba 1999. Tarehe 4 Desemba 2022 alikimbia marathoni yake ya kwanza kule Valencia, akamaliza kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 53, nasi tukaulizana huyu katoka wapi, ilhali katoka hapa hapa. Na Krismasi iliyopita, je, mnakumbuka? Habari ilikuwa moja tu: Chicago, tarehe 8 Oktoba 2023, saa 2 na sekunde 35. Alikuwa ameipunguza rekodi ya dunia ya Eliud Kipchoge kwa sekunde 34. Wazee wasiojua Chicago iko upande gani walibishana mpaka chai ikapoa: Aprili kule Rotterdam, atashuka chini ya saa mbili au hatashuka? Zilibaki sekunde 36.

Tarehe 6 Februari rekodi ikaidhinishwa rasmi. Tarehe 11, Jumapili usiku, gari alilokuwa akiendesha likaacha njia huku Kaptagat. Alifariki yeye na kocha wake, Gervais Hakizimana. Kiptum alikuwa na miaka 24.

Tarehe 23 uwanja wa maonyesho wa Chepkorio ulijaa watu hadi juu ya miti. Rais William Ruto alikuja, na Sebastian Coe wa riadha ya dunia alikuja, kisha Kiptum akazikwa Naiberi. Nyumba ya familia ilikuwa imesimamishwa na serikali kwa siku saba tu. (Ni jambo jema, nashukuru, ila moyoni niliuliza kwa nini matofali hupata mbio mtu akishalala.) Wageni walizungumza juu ya muda wake. Sisi tulizungumza juu ya ng'ombe. Hakizimana mwenyewe aliwahi kusimulia jinsi alivyomwona mara ya kwanza: mtoto mchungaji, miguu mitupu, anawafuata nyuma wakifanya mazoezi. Mnyarwanda aliyekuja kukimbia kwenye milima yetu akamwona wa kwetu kabla yetu.

Msiba wenyewe tunaujua. Tunajua kuleta kuni na maziwa, kuketi na wafiwa usiku, kuchanga, kuimba. Ila Krismasi baada ya msiba hakuna aliyetufundisha. Nimewaona watu wakikutana na wafiwa sokoni, wakianza "heri ya…" halafu wakaimeza na kuuliza habari za mvua. Nami nimefanya hivyo, na si kwa nyumba hiyo peke yake. Mwaka huu tumezika vijana wengine ambao hakuna kamera iliyowafuata. Mama zao nao watapika wali kesho kutwa, na kwa mazoea mkono utaandaa sahani moja zaidi.

Basi mimi nimeamua kusema heri, kwa sauti, na kumtaja marehemu kwa jina lake. Ukienda kuwaona wafiwa, beba maziwa kama ulivyobeba Februari. Keti. Wakitaka kucheka kuhusu ng'ombe waliopotea kwa sababu mchungaji alikuwa mbioni, cheka nao.

Kwenu nyumbani kwa Hakizimana kule Rwanda: najua Kiswahili kinafika huko, na hii ikiwafikia, Noheli nziza. Kijana wenu alikaa kwetu kama mtu wa hapa, na nyimbo za Chepkorio zilikuwa zake pia.

Nanyi mnaopanda kuja, tafadhali msiingie barabara ya Kaptagat usiku. Najua mnafunga kazi jioni na mnataka kulala kwa mama. Laleni Eldoret. Ng'ombe hatachinjwa kabla hamjafika, nimeshazungumza na mwenye kisu. Mkipita kwangu mchana pigeni honi, nyumba iko karibu na lami, na mursik niliyotenga haitaisha mpaka Januari.