Zeze la babu limepata mwenyewe mwingine

Mhariri, salamu toka Chang'ombe hapa Dodoma. Mwaka jana nilimrekodi babu akipiga zeze uani kwake, nikatengenezea biti nikampa msanii flani kwa mdomo tu bila mkataba, jamaa akaisajili yote kama yake kwa msambazaji wa muziki mtandaoni, sasa nikiweka video ya babu YouTube naambiwa ina madai ya hakimiliki na hela ya matangazo inaenda kwa huyo msanii, wakati hata jogoo wa babu anasikika anawika kwenye huo wimbo wake! Inauma sana. Ule mfumo wa YouTube wa kutambua nyimbo, Content ID, unalinganisha sauti na faili iliyosajiliwa basi, babu haumjui.

Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, yaani nyimbo alizotunga marehemu Hukwe Zawose, Mgogo mwenzetu aliyefariki 2003, zinalindwa mpaka 2053. Ila maprodyuza wangapi huku mtaani wanajua? Naomba COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, waje kwenye vistudio vyetu watufundishe kuandikishana nani ana asilimia ngapi, kabla biti haijatoka kwenye kompyuta.