Barua ya wazi kwa vijana wa ushirika wetu kuhusu utabiri wa mwaka ujao

Wanangu wapendwa,

Nawasalimu katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo. Nimeona niwaandikie badala ya kungoja siku ya ibada, kwa sababu jambo lenyewe limeshaanza kuzaa matunda, na matunda yake siyapendi. Ile sauti iliyorekodiwa, inayoeleza mwezi kwa mwezi jinsi mwaka ujao utakavyokuwa, imefika hata kwenye simu yangu, tena mara nne, kutoka kwa watu wanne. Nimeisikiliza yote. Tangu ianze kuzunguka, mmoja wenu ameacha chuo kwa kuwa ameambiwa masomo yake hayatakuwa na faida, wawili wameahirisha ndoa iliyokwisha kutangazwa kanisani, na mwingine ametoa akiba yake yote na hataki kuniambia ameipeleka wapi. Siwataji, wala asiwepo mtu wa kuwatafuta.

Kwanza tuelewane kwamba sipingi kuangalia mbele. Mwanadamu amepewa akili ya kusoma dalili, na pale Mungu alipoweka utaratibu usiobadilika, akili hiyo hufika mbali. Edmond Halley, mtaalamu wa nyota wa Uingereza, alikokotoa njia ya nyota yenye mkia akasema ingerudi mwaka 1758. Yeye akafariki mwaka 1742, na nyota ikaonekana usiku wa Krismasi wa mwaka ule alioutaja. Hakujiita nabii. Alipiga hesabu tu, juu ya kitu kisichokuwa na hiari ya kwenda kwingine.

Mambo ya upepo na mvua hayako hivyo, na ya wanadamu ndiyo zaidi. Mwaka 1961 Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, alitaka kurudia kwa kompyuta hesabu aliyokwisha kuifanya. Akaanzia katikati, na namba iliyokuwa 0.506127 akaiingiza kama 0.506, akidhani tarakimu zilizokatwa hazina uzito wowote. Akaenda kunywa kahawa. Aliporudi akakuta hesabu mpya imeanza sawasawa na ile ya kwanza, kisha ikaachana nayo kidogo kidogo, hadi hali ya hewa ya huku na ya kule zikawa hazina udugu tena. Tofauti ya mwanzo haikufika hata sehemu moja katika elfu. Kila ninapoikumbuka habari hiyo hujiuliza ni nani awezaye kuzijua tarakimu zote za dunia bila kukata hata moja, na sipati mwingine ila yule ambaye Mwokozi alisema kwamba hata nywele za vichwa vyetu amezihesabu.

Msidhani wanaokosea ni wajinga. Irving Fisher alikuwa mchumi wa kuheshimika, lakini mwezi Oktoba 1929 alitangaza kwamba bei za hisa zimefika kwenye kimo cha juu ambacho zingedumu nacho, na siku chache tu baadaye soko la New York likaporomoka. Aliyajua yaliyopita kuliko wengi, ila yaliyopita hayakumwambia ya mbele.

Pamoja na hayo, mkadiriaji mwaminifu hanisumbui. Anayetabiri mvua husema upo uwezekano, na isiponyesha anarekebisha maneno yake kesho yake bila kumlaumu mtu kwa kukosa imani. Ninayemwogopa ni yule anayechukua kadirio lake, au ndoto yake, au pengine hamu yake tu, akaligongea muhuri wa jina la Mungu, kwa sababu kuanzia hapo huwezi kumuuliza swali bila kuonekana unamuuliza Mungu. Wafuasi wa mhubiri William Miller huko Marekani walingojea kurudi kwa Bwana tarehe 22 Oktoba 1844, na baadhi yao waliacha mazao shambani bila kuvuna. Harold Camping, mhubiri wa redio wa hukohuko, alitaja tarehe 21 Mei 2011. Ilipopita akaisogeza hadi Oktoba mwaka huohuo, nayo ikapita. Namheshimu kwa jambo moja, kwamba mwaka uliofuata alikiri waziwazi kuwa alikosea na kwamba kutaja tarehe kulikuwa dhambi. Wengi hawafiki hapo. Hubadilisha tarehe na kuendelea.

Someni kwa makini Yeremia sura ya 28. Nabii Hanania alisimama hekaluni, mbele ya makuhani na watu wote, akasema kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vya nyumba ya Bwana vingerudishwa kutoka Babeli pamoja na mateka. Yeremia alikuwa palepale na nira ya mti shingoni, ishara ya kwamba watu wataitumikia Babeli. Jibu lake la kwanza lilikuwa Amina. Alitamani iwe hivyo, kama mtu yeyote anayewapenda watu wake angetamani. Ndipo Hanania akaitwaa ile nira akaivunja mbele ya macho ya watu. Hebu fikirini sauti ya ule mti ukivunjika na furaha iliyowajaa waliokuwa wakisikiliza. Na Yeremia akaenda zake. Hakubishana, wala hakutunga unabii wa papo hapo wa kumshinda mwenzake. Neno la kumjibu Hanania lilimjia baadaye, nalo lilisema kwamba aliyevunja nira ya mti ametengeneza badala yake nira ya chuma. Hanania alikufa mwaka uleule, mwezi wa saba.

Katika sura inayofuata Yeremia anawaandikia mateka barua. Anawaambia wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuozesha, wautafutie amani mji ule waliopelekwa, kwa maana itatimia miaka 70 kwanza. Ndani ya barua hiyo ndimo lilimo lile neno mnalopenda kulibandika ukutani, kwamba Mungu anayajua mawazo anayowawazia, mawazo ya amani wala si ya mabaya. Angalieni ni nani anayejua katika sentensi hiyo. Wengi walioisikia barua ikisomwa mara ya kwanza wasingeweza kuishi miaka 70 mingine. Waliitwa kupanda miti kwa ajili ya siku ambazo wangekuwa kaburini, wakiamini kwamba ajuaye anajua. Hanania aliwapa tarehe ya kuwafanya wakae wamefunga mizigo, lakini Yeremia aliwapa kazi ya kufanya.

Sasa niwaambie langu, maana si haki kuwaonya na kujificha. Nilipokuwa na umri kama wenu na nusu ya akili niliyodhani ninayo, niliitwa kumwombea ndugu mmoja aliyekuwa mgonjwa sana. Daktari alikuwa amesema hali si nzuri. Nikaomba, moyo ukanipamba moto, nikasimama nikatamka kwamba Bwana amenionyesha hatakufa. Juu ya kiti kando ya kitanda palikuwa na daftari la shule na kalamu. Mkewe alinieleza kwamba mumewe ameviomba asubuhi ile ili awaandikie watoto wake maneno machache. Niliviondoa kwa mkono wangu mwenyewe na kuviweka juu ya kabati, nikasema hapa hapaandikwi wosia. Mgonjwa alitabasamu, nadhani kwa kunihurumia. Alifariki siku ya nne. Watoto wale sasa ni watu wazima, na mmoja wao aliwahi kuniuliza kama baba yake hakuacha neno lolote. Nilimweleza ukweli. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema amenisamehe, na mimi sijaacha kuliona lile daftari.

Ningeweza kumwombea apone kwa machozi yangu yote na bado nikamwachia kalamu yake. Kuomba ni kumwendea Mungu ambaye kesho iko mkononi mwake. Mimi nilijifanya nimeipokea kesho hiyo kutoka kwake, hali sikuwa nimepewa. Mitume walipouliza habari za nyakati, Bwana aliyefufuka aliwajibu kwamba si kazi yao kujua nyakati wala majira ambayo Baba ameyaweka katika mamlaka yake mwenyewe. Papo hapo akawaambia watakuwa mashahidi wake. Hawakupewa kalenda, lakini hakuna aliyerudi nyumbani akiwa hana la kufanya.

Kuhusu ile sauti, basi, nawashauri msiitume tena. Atakayewatumia, mwulizeni kwa upole kama msemaji yuko tayari kuja kusimama mbele ya kanisa mwaka utakapokwisha, aseme ni lipi lilitimia na ni lipi halikutimia. Kumbukumbu la Torati 18 linaturuhusu kuuliza hivyo, na anayekasirika kwa kuulizwa amekwisha kujibu. Mtu asitoe fedha yoyote ili afunuliwe zaidi. Kusema hivi si kukana karama ya unabii. Karama inayokataa kupimwa ndiyo ninayoishuku.

Wewe uliyeacha chuo, rudi kabla muda wa kujiandikisha haujapita; kama kuna adhabu ya kuchelewa, nitakusindikiza mwenyewe tukaongee nao. Uliyetoa akiba, mlango wangu uko wazi hata usiku, na sitakuuliza mbele ya mtu. Nanyi wawili mlioahirisha ndoa, njoni Jumapili baada ya ibada mkiwa na kalenda. Tutachagua siku, tutaiandika kwa kalamu ya wino, na kando yake tutaandika kama Yakobo alivyotufundisha: Bwana akipenda.

Mimi mzee wenu katika Bwana.