Anayemuuguza mgonjwa wa limfoma naye aelezwe

Mhariri,

Naandika kuhusu limfoma, saratani ambayo Denis Burkitt, daktari wa upasuaji pale hospitali ya Mulago, Kampala, aliieleza aina yake moja mwaka 1958. Wagonjwa husemewa, sisi tunaowauguza hatukumbukwi.

Majibu ya uvimbe wa shingoni mwa mume wangu yalipotoka, daktari alitaja ugonjwa mara moja tu, akaita mgonjwa mwingine. Nikabaki na bahasha mkononi. Kwamba homa baada ya kemo, yaani dawa kali za saratani, haingojei kuche, nilielezwa na mama mmoja kwenye foleni ya dawa, naye akimuuguza mwanawe!

Wizara ya Afya iagize mwenzi aitwe siku ya majibu, apewe karatasi ya dalili za hatari na namba ya simu ya wodi, kwa Kiswahili, Kiganda na lugha nyinginezo.

Mke wa mgonjwa,
Jinja